Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa: mnara wa Coucy uacheni hivyohivyo ulivyolala

Mheshimiwa Waziri,

Ningekuwa nyumbani Songea ningeanza na shikamoo hata kama nimekuzidi umri, manake cheo nacho kina mvi zake, ila huku mmeshanizoesha kwamba bonjour kwanza ndo maneno mengine yafuate, basi bonjour Mheshimiwa. Nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo likinigusa Kifaransa changu kinapinda. Ile ya Kifaransa nitakutumia kwa posta na stempu yake, hii naitoa wazi ili na ndugu zangu waisome, manake kila nikiwatumia picha za huku wananijibu "sasa hapo kuna nini dada mbona ni mawe tu".

Ndo hayohayo mawe nataka tuyaongelee.

Mimi naishi mkoa wa Aisne mwaka wa 11 sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuogesha, kulisha, kusikiliza. Siku nikiwa ofu napanda na kijana wangu mpaka Coucy, Coucy-le-Château-Auffrique kwa jina lake refu, kijiji cha watu kama elfu moja hivi kiko kati ya Laon na Soissons, kimekaa juu ya kilima na bonde la mto Ailette liko chini yake, kijiji chote kimezungushiwa ukuta wa zamani na malango yake. Unapita lango la Laon, lile lenye minara miwili minene huku na huku mpaka unajiona sisimizi, unapita nyumba za watu na maua yao dirishani, unafika kwenye ncha ya kilima, unakata tiketi, unaingia ngomeni. Mara ya kwanza mwanangu alikuwa na miaka 8, tukasimama mbele ya kichuguu kikubwa cha mawe kimeota majani, akanivuta mkono, "mama mnara uko wapi?" Nikamwambia ndo huu. Akaangalia juu mawinguni, akaangalia tena chini kwenye mawe, akaniuliza, "kwani umelala?"

Mpaka leo sijapata neno zuri kuliko hilo la mtoto, nimelichukua nimeliweka kwenye kichwa cha barua.

Kabla sijasema ninachokuomba acha niseme ulivyokuwa umesimama, we unajua au wasaidizi wako wanajua, ila wenzangu wanaosoma hawajui. Mwinyi mmoja wa hapo, Enguerrand wa tatu, yule aliyepigana upande wa mfalme kwenye vita vya Bouvines mwaka 1214, ndiye aliyeujenga, kazi ikaanza miaka ya 1220 na yeye akafa 1242. Mnara wa duara, mapana mita 31 toka upande huu mpaka ule, kwenda juu mita kama 54, jamani hilo ni ghorofa la 17 au 18 na hakuna winchi za umeme, hakuna saruji, ni chokaa na mawe na mikono ya watu. Ukuta wake ulikuwa na unene wa mita 7. Chumba ninacholala mimi kina mita tatu na nusu, kwa hiyo ndani ya ukuta wa yule bwana vyumba kama changu vinaingia viwili, ukuta tu huo, bado hujaingia ndani. Na ndani kulikuwa na kumbi tatu, moja juu ya nyingine, kila moja ina pande 12 na dari ya mawe iliyopinda kama kuba, katikati ya dari pameachwa tundu ili vitu vipandishwe kwa kamba toka chini mpaka juu kabisa, chakula, mishale, kuni, na chini kisima cha maji kipo humohumo ndani. Yaani adui akizingira nje we unachota maji yako unapika.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni matundu. Kwenye picha za zamani, zile zilizopigwa kabla ya 1917, ukiangalia ukuta kwa nje unaona mstari wa vitundu vidogo unapanda ukizunguka, unazunguka unapanda kama gamba la konokono mpaka juu. Ni matundu ya mirunda. Mafundi walikuwa wanachomeka miti kwenye ukuta walioumaliza jana ili watengeneze njia ya kupandishia mawe ya leo, mnara ukawa ndo ngazi ya kujijengea wenyewe, hawakuhitaji kusimamisha jukwaa kutoka chini. Baba yangu alikuwa mwashi, alijenga nusu ya nyumba za mtaa wetu, nilipomtumia ile picha alikaa kimya siku mbili halafu akanipigia, "hao watu walikuwa na akili, majina yao yako wapi?" Hayapo baba. Lipo la Enguerrand.

Na hapa Mheshimiwa naomba nisieleweke vibaya, mimi sio mtu wa kulilia mabwana. Ule mnara haukujengwa kwa ajili ya watalii wala kwa ajili ya uzuri, ulijengwa ili mkulima kule bondeni akiinua kichwa toka kwenye jembe aone nani mwenye nchi. Na sio mkulima tu, hata mfalme. Pale Louvre Paris mfalme alikuwa na mnara wake mkubwa wa mita kama 30 hivi, kitako chake mpaka leo mmekihifadhi chini ya jumba la makumbusho watu wanazunguka wanapiga picha, sasa huyu mwinyi wa kijijini akajenga wa 54, na minara yake minne ya pembeni, ile ya kusindikiza tu, kila mmoja ulikuwa mnene kuliko huo wa mfalme. Halafu ukoo wakawa na msemo wao, kwa Kiswahili chetu ningeuweka hivi: mfalme si mimi, mwana wa mfalme si mimi, liwali si mimi wala jumbe, mimi ni bwana wa Coucy. Ukisikia mtu anajitambulisha kwa kutaja vyeo ambavyo hana ujue huyo ana pesa kuliko wenye vyeo.

Mtoto wa huyo Enguerrand wa tatu, Enguerrand wa nne, alikamata vijana watatu kwenye msitu wake. Walikuwa watoto wa watu wakubwa toka Flanders, wamekuja kwenye abasia, yaani nyumba ya watawa, ya jirani kujifunza Kifaransa, wakatoka na pinde zao kuwinda sungura. Akawanyonga. Sungura, Mheshimiwa. Mwaka 1259 mfalme Louis wa tisa, huyu mnayemwita Mtakatifu, akamleta mbele ya baraza, mabwana wenzake wakamzunguka kumtetea, mfalme akagoma, akamtoza faini ya kutisha. Shingo yake ilibaki salama lakini, waliokufa ni wale watatu. Hii hadithi nikiwasimulia wafanyakazi wenzangu wa toka Kinshasa na Moroni wanacheka wanasema kumbe na huku yalikuwepo.

Yapo na ya kuchekesha. Juu ya mlango wa mnara palichongwa askari wa farasi anapigana na simba, ati mmoja wa mabwana wa Coucy alimuua simba msituni. Simba! Huku Picardy! Sisi wa Ruvuma ambao simba ni habari ya kweli ya kuambiwa na mjomba aliyetoka shamba tunaangalia hiyo sanamu tunatikisa kichwa. Ila kutokana na huyo simba walikuwa na sherehe yao, mtu wa abasia ya Nogent anakuja amevaa kama mkulima, amepanda farasi, ana mbwa, anapiga mjeledi hewani, amebeba kapu la rissoles, ambazo ni kama sambusa za Kifaransa, anazikabidhi mbele ya simba wa mawe kuonyesha kwamba abasia inamtambua bwana. Na kila kitu kinakaguliwa, mkanda wa farasi ukikatika, masikio ya mbwa yakiwa hayajakatwa sawasawa, au farasi akinya katikati ya sherehe, abate, mkuu wa watawa, analipa faini. Farasi akinya! Nimezipenda hizo sambusa nitazirudia mwisho.

Huko kwa mabwana nisikae sana. Wa mwisho wa maana alikuwa Enguerrand wa saba, aliyemuoa Isabella binti wa Edward wa tatu mfalme wa Uingereza, akawa mkwe wa adui wa mfalme wake mwenyewe, hebu fikiria mtihani huo, akaenda vitani dhidi ya Waturuki akakamatwa Nicopolis mwaka 1396, akafa mateka huko Bursa mwaka uliofuata bila mtoto wa kiume. Mali ikauzwa kwa Louis wa Orléans, baadaye ikawa ya ufalme wenyewe, mnara uliojengwa kumtunishia mfalme msuli ukaishia kwenye daftari la mfalme. Historia nayo ina utani.

Sasa nifike kwenye kifo cha mnara, kwa sababu ombi langu limelalia hapo. Huku ukiuliza mtu yeyote nani kaua mnara wa Coucy atakwambia Wajerumani 1917, amemaliza. Ni kweli ila sio kweli yote. Mwaka 1652, wakati wa ile fujo ya mabwana na serikali mnayoiita Fronde, Kadinali Mazarin, waziri mkuu wa mfalme, alitoa amri ngome ivunjwe isije ikatumiwa tena na waasi, mafundi wa Kifaransa wakaja na baruti ya Kifaransa wakalipua lango na dari za kumbi, mnara wenyewe ukabaki umesimama bila sakafu ndani, kama jino lililotobolewa. Mwaka 1692 likapita tetemeko la ardhi likaupasua ufa toka juu mpaka chini. Halafu miaka mia na ushee watu wa kijiji wakaigeuza ngome kuwa machimbo ya mawe, na siwalaumu hata kidogo, babu zao ndo waliyabeba kuyapandisha wacha wajukuu wayashushe wajengee mabanda ya ng'ombe.

Ndo akaja Viollet-le-Duc, yule msanifu wenu wa majengo aliyeshika pia Notre-Dame, miaka ya 1850, akaufunga mnara mikanda ya chuma kama anafunga pipa, akaweka na paa. Kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, huyu mzee aliuziba ufa kweli. Miaka 60 mikanda ikashika. Ni mnara uliopona baruti ya Mazarin, tetemeko, Mapinduzi ya Ufaransa, na majembe ya majirani.

Wajerumani waliingia Coucy Septemba 1914 wakakaa. Kaizari mwenyewe alikuja kuutembelea. Machi 1917 walipoamua kurudi nyuma kwenye mstari wao mpya walioujenga, ule wa Hindenburg, wakasema hatuachi kitu. Walikata miti ya matunda, Mheshimiwa, miti ya tufaha imesimama inakaribia kuchanua wakaikata kwa msumeno, wakaharibu visima, wakalipua vijiji nyumba kwa nyumba, raia wameshahamishwa. Rupprecht, mwana wa mfalme wa Bavaria, yeye ni mmoja wa majemadari wao wakubwa, aliomba mnara uachwe, Ludendorff, jenerali wa makao makuu yao, akakataa. Wakaweka tani 28 za baruti chini ya mnara mkubwa na tani nyingine 10 kwa minara minne ya pembeni.

Hapa nasimama kidogo kwa sababu mimi ni wa Songea. Miaka kumi na mbili tu kabla ya hapo, vita vya Majimaji vilipoanza 1905, serikali hiyohiyo ya Kaizari huyohuyo ilichoma kwetu mashamba na maghala ya mahindi na mtama, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, wazee wetu wakanyongwa pale Songea Februari 1906 na makaburi yao tunayatembelea kila mwaka. Kwa hiyo nikisikia mwongozaji pale ngomeni anasema ule unyama wa kukata miti ya matunda ulikuwa jambo ambalo dunia haijawahi kuliona, mimi nainamisha kichwa nakaa kimya kwa adabu, ila moyoni nasema dunia gani kaka? Na mwezi huohuo mnara unaanguka, huko kwetu vita ileile ilikuwa inakula wapagazi, Mwingereza na Mjerumani wote wanawabebesha watu mizigo mpaka wanaanguka njiani, jina la Kariakoo pale Dar limetoka kwenye kikosi cha wapagazi hao. Sisemi hivi kupunguza machungu ya watu wa Coucy, nasema ili ujue kwamba anayekuandikia hakuja pale kama mtalii tu wa kupiga picha. Niliposimama mbele ya kile kifusi nilijiona niko kwenye msiba ambao na mimi nina haki ya kukaa jamvini.

Kazini kwangu kuna bibi mmoja, amepita miaka 90, jina lake nitalitunza. Dirishani kwake, palipotakiwa kuwa na chungu cha maua, ana jiwe. Ukubwa wa mkate wa kilo, jeupe linaelekea rangi ya maziwa yaliyochemka, na upande mmoja ukipitisha kidole unasikia mistari ya patasi iko mshazari, mistari yote imeelekea upande mmoja isipokuwa miwili mitatu, kama vile fundi alihama mkono. Anasema ni la mnara, mama yake aliliokota. Mama yake alikuwa na miaka 9 walipohamishwa, waliporudi baada ya vita hakuna nyumba, walikaa kwenye kibanda cha mbao kama kambi, na yule mama alimsimulia binti yake kwamba kilichomtisha sio nyumba kukosekana, alijua haitakuwepo. Kilichomtisha ni kwamba alipotea. Mtoto aliyezaliwa pale, anajua kila njia, alipotea akiwa anatoka kuokota kuni kwa sababu maisha yake yote alikuwa anainua macho anaona mnara anajua nyumbani ni kule, sasa akainua macho hakuna kitu, mbingu tu. Akakaa chini akalia mpaka wakaja kumtafuta.

Nimempa mikono yangu huyo bibi kila asubuhi kwa miaka mitatu sasa na kila nikifuta vumbi kwenye lile jiwe ananiambia "taratibu".

Sasa ombi lenyewe. Tangu Notre-Dame ifunguliwe tena Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019, huku kila meza ya kahawa ina injinia. Wanasema kama tumeweza kule kwa miaka mitano kwa nini tusisimamishe mnara wa Coucy, michoro ya Viollet-le-Duc ipo, picha zipo, mawe yenyewe yamelala palepale. Wanakutajia Guédelon, kule Burgundy, ambako toka 1997 mafundi wanajenga ngome mpya kwa zana za karne ya 13 na watu wanalipa kiingilio kwenda kuangalia. Wanakutajia mnara wa kanisa la Saint-Denis unaorudishwa. Hayo ni maneno ya mezani, lakini wewe ni mwanasiasa unajua kabisa jinsi maneno ya mezani yanavyotembea yakapata kamati, kamati ikapata bajeti, siku moja tunaamka tunaona winchi juu ya kilima.

Mheshimiwa nakuomba likifika mezani kwako ukatae.

Notre-Dame ilikuwa nyumba ya watu, siku moja kabla ya moto watu walikuwa wanasali humo, imeungua kwa bahati mbaya, mwenye nyumba akaezeka paa lake arudi ndani, hiyo naielewa na nilipiga makofi mbele ya televisheni. Guédelon nako ni shule, wanajenga kitu kipya uwanja mtupu, hawadanganyi mtu. Mnara wa Coucy ni habari nyingine. Huo uliuawa kwa makusudi, na baada ya vita nyie wenyewe, Wafaransa, wazee wenu waliokuwa bado wana vumbi la vita kwenye viatu, walikaa wakaamua usijengwe, ubaki ulivyo uwe shahidi wa kilichotendeka. Fedha za fidia za Wajerumani zikatumika kusafisha na kuimarisha kuta zilizobaki, kijiji kikajengwa upya watu warudi, ila mnara ukaachwa. Ulikuwa uamuzi, sio uzembe. Tukiujenga leo, mtoto wangu akimleta mtoto wake atamuonyesha mnara mzuri mpya, mawe yamekatwa kwa mashine, lifti ndani, duka la zawadi chini, na yule mtoto hatauliza kitu. Wangu aliuliza kwa sababu aliona kifusi.

Na ukiujenga unaujenga upi? Wa karne ya 13 wenye bwana wa kunyonga watoto kwa ajili ya sungura? Wa 1652 usio na sakafu? Wa 1856 wenye mikanda ya chuma? Kila mmoja ni uongo kidogo. Kile kifusi peke yake ndicho kina wote ndani yake, jiwe la fundi wa Enguerrand limelaliwa na jiwe lililopasuliwa na tetemeko limelaliwa na lililochomwa na baruti.

Ila kuacha sio kutelekeza, na hapo wengi mnachanganya. Mawe ya huku ni laini, ya chokaa, mvua ya Novemba inaingia kwenye viungo, barafu ya Januari inatanua, machi unaokota vipande chini, mizizi nayo inafanya kazi yake usiku na mchana haina likizo. Hizo pesa ambazo zingeenda kwenye winchi zipeleke kwa waashi wa chokaa, wazibe vichwa vya kuta za nje zilizobaki, yale malango matatu ya kijiji, na zile kumbi za Enguerrand wa saba ambazo zimebaki madirisha tu yanaangalia bonde. Kazi isiyo na utepe wa kukata, najua. Waziri hapigwi picha akizindua chokaa.

Pale kwenye kifusi weka kibao kimoja, kiandikwe kwa lugha nyepesi: huu ndo mnara, wanaume na wanawake ambao hatuna majina yao waliupandisha kwa kuzunguka, walikuwa na akili, umelipuliwa mara mbili, mara ya kwanza na wenyewe, mara ya pili na wageni, tumeuacha kwa makusudi. Baba yangu akija huku apate la kusoma. Na jambo la haraka kuliko yote, ambalo halisubiri bajeti, nitumie kijana mmoja mwenye kinasa sauti na uvumilivu. Wazee ambao mama zao waliona wamebaki wachache, mimi nawaogesha najua idadi yao inavyopungua kila baridi, na wana mambo ambayo hayapo kwenye michoro ya Viollet-le-Duc. Bibi wa jiwe yuko vizuri zaidi asubuhi, kabla ya saa tano kwa saa zetu za Kiswahili, baada ya hapo anachoka anaanza kumuita mama yake.

Nakukaribisha uje mwenyewe uone, usije na msafara, njoo Jumatano shule zikiwa zimefungwa mwanangu atakutembeza, vaa viatu vya kukanyagia majani manake suti na kilima havipatani. Kwa vile desturi ya pale ni kumkaribisha mkubwa kwa rissoles, mimi nitakuja na kapu la sambusa za nyama na pilipili kidogo pembeni. Mbwa sina, mjeledi sina, na farasi hatutaleta, tusije tukalipa faini.

Wako,
mama mmoja wa Songea, mkoani Aisne